Kura ya Kiwanja cha Korongoni

Kamachumu,
4 Februari 2007

Mwanangu Anastasia,

Marahaba. Naitanguliza kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani. Sisi huku tupo. Mama yako mdogo goti linamsumbua, lakini bado anagombana na kila apitaye uani, kwa hiyo ni mzima. Dada yako Sara amejifungua mtoto wa kike, ana sauti ya bibi yake. Mvua zimewahi na migomba miwili imeangukia njia ya kwenda kisimani. Kahawa si mbaya.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba hii huongelewa na mmoja na kusikilizwa na wote. Jambo lenyewe ni hili. Misheni imeurudishia ukoo eneo lake la zamani, lile linaloanzia barabara ya lami na kuishia korongoni. Limekwisha kupimwa viwanja. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya kugawa. Nilikataa, wakanilazimisha.

Sasa watu wa siku hizi hawana adabu. Niliposema tugawane kwa mtindo wa marehemu babu yako, kila mtu aokote buni yake kapuni, kikao kizima kikaanza kukohoa. Mmoja akauliza kapu atalishika nani. Akainuka Calvin, yule fundi redio, akasema siku hizi kuna kompyuta, yenyewe haina ndugu. Hapo nikasimama. Nikawaambia kompyuta mnayoisema ndiyo kazi ya mwanangu Anastasia aliyeko Toronto, atatutengenezea ya kwetu wenyewe na hatatudai hata asante. Walipiga makofi mpaka nikaona aibu kidogo.

Sitaki kukufundisha kazi yako. Nakukumbusha tu kwamba mwenyekiti akikaa korongoni, ukoo mzima umekaa korongoni. Isitoshe nimekwisha kushusha matofali pale kando ya lami, kiwanja cha kwanza, kwa kuwa lori lilikuwa linapita na dereva ni mtu wa kwetu. Nadhani umenielewa.

Baba yako mdogo,
Gelasius


Brampton,
18 Machi 2007

Baba mdogo, shikamoo.

Barua yako imefika ikiwa imelowa kona moja, lakini maneno yote yanasomeka. Mpe Sara hongera zangu. Mwambie mama mdogo agombane na goti pia.

Mimi sijambo. Bado nakaa besimenti hapa Brampton, pembeni mwa Toronto, chini ya nyumba ya watu wa Punjab, mimi na Nyanchama, yule nesi Mkisii niliyekutajia kwenye simu ya Krismasi. Yeye akirudi kutoka zamu mimi natoka, tunaachiana sufuria ya chai jikoni. Kazi yangu iko Don Mills, na njia yenyewe kwa gari ni ndefu hivi kwamba nimezoea kusali rozari nzima nikiwa kwenye foleni. Jumapili tukipata padri tunakuwa na Misa ya Kiswahili. Watoto wetu wanaitikia kwa Kiingereza.

Kazi uliyoniomba nitaifanya. Ila kabla ya kuifanya nataka uelewe kitu kimoja: kompyuta haijui kubahatisha. Inajua kutii tu.

Kazini kwetu tunapanga njia za magari yanayopeleka vifurushi majumbani. Zamani programu ilikuwa inagawa njia kwa utaratibu ule ule kila asubuhi. Kuna dereva mmoja anaitwa Moez, Mhindi wa Arusha, Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Yeye akaugundua ule utaratibu. Akawa anajiandikisha kwenye nafasi ile ile ya foleni, na kila siku ya Mungu anapangiwa Thornhill, ambako nyumba zina nafasi ya kuegesha na wazee wa jamaa yake wanamkaribisha chai. Wenzake wanapata katikati ya jiji, hakuna pa kusimamisha gari, ni faini juu ya faini. Moez hakuiba kitu. Alijua tu mashine inavyofikiri, akaisubiri mbele.

Bosi akaniambia nitafute dawa. Dawa yake ni mashine irushe sarafu kabla ya kugawa, ili hata mimi niliyeiandika nisijue kesho Moez atakwenda wapi. Siku ya kwanza alipopangiwa mjini alinikuta kwenye maegesho akaniambia, "Dada, wewe umenivunjia ndoa."

Chuoni walitufundisha hivyo hivyo. Ukitunga utaratibu wowote, mfikirie hasimu anayekufahamu vizuri. Anajua utakalofanya kabla hujalifanya, na kwa makusudi anakuletea kazi iliyo mbaya kuliko zote. Mtu huyo humshindi kwa akili, kwa sababu akili yako anaijua. Unamshinda kwa kufanya kitu ambacho hata wewe mwenyewe hukijui. Siku ile mwalimu alipokuwa anatufundisha nilimkumbuka mtu fulani wa nyumbani, lakini hayo tuyaache.

Niandikie waziwazi kiwanja unachokitaka. Sipendi kukisia mambo ya wakubwa.

Mwanao,
Anastasia


Kamachumu,
21 Mei 2007

Mwanangu Anastasia,

Hatujambo sote. Mtoto wa Sara amebatizwa, tumekula vizuri, na wageni walikuwepo wengi kuliko walioalikwa. Jina lako lilitajwa kwenye sala ya waumini, pale pa kuwaombea wasafiri.

Hadithi ya Mhindi wako nimeisoma mara mbili. Huyo bwana ana akili na sioni kosa lake.

Mambo mengine hayaandikwi, Anastasia. Umesoma, unaelewa. Lakini kwa kuwa unalazimisha, basi ni namba moja. Si kwa ajili yangu. Mwenyekiti lazima apokee wageni mahali panapoonekana. Kamati inataka kila kitu kifanyike hadharani, ukumbi wa parokia, kwenye kompyuta ya parokia, Padri akiwepo. Mimi ndiye nitakayebonyeza. Hilo nimelipigania.

Nimekuwa nikimkumbuka marehemu mama yako. Alikuwa mwanamke wa kukubali matokeo. Tulipogawana kibanja, lile shamba la migomba la babu yako, akaangukia upande wa korongo, hakulalamika hata siku moja. Namwomba Mungu akupe moyo wake, maana wanawake wa namna ile wamekwisha.

Usichelewe. Matofali yananyeshewa.

Baba yako mdogo,
Gelasius


Brampton,
29 Julai 2007

Baba mdogo, shikamoo.

Nimechelewa. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa na kazi nyingi. Nilianza kukujibu, nikachana, nikaanza tena, nikachana. Huku ni joto sasa, besimenti ndiyo mahali pekee penye ubaridi, na Nyanchama ananicheka kwamba nimegeuka mtu wa kuongea na karatasi. Nimefurahi kwamba ulimtaja Mama. Hapa hakuna anayemtaja isipokuwa mimi.

CD iko ndani ya bahasha hii, imezungushiwa gazeti isivunjike. Mpe Calvin aiweke kwenye kompyuta siku yenyewe, asiiguse kabla. Nimeifunga: inafanya kazi mara moja tu. Mkiijaribu kwa mzaha, siku ya kikao itakataa na wewe utabaki umesimama mbele ya watu.

Ninavyokueleza sasa ni kwa ajili yako peke yako. Kompyuta ikitakiwa kubahatisha huanza na namba moja, sisi tunaiita mbegu. Inaichukua ile mbegu, inaizidisha, inaikata, inaizidisha tena, na zinatoka namba ambazo mtu akizitazama ataapa kuwa ni za bahati. Si za bahati. Ukiipa mbegu ile ile kesho na keshokutwa, zitatoka namba zile zile kwa mpangilio ule ule. Sasa programu nyingi huokota mbegu yao kwenye saa, yaani dakika ile unayobonyeza. Anayeijua saa amejua matokeo yote kabla ya watu kukaa kwenye viti.

Bonyeza saa tatu kamili. Isiwe kabla, isiwe baada.

Sina zaidi. Msalimie mama mdogo, na Sara, na mtoto ambaye hujaniandikia jina lake.

Mwanao,
Anastasia


Kamachumu,
16 Septemba 2007

Anastasia,

Mtoto anaitwa Tahera. Baba yake ni Mwislamu wa Bukoba mjini, ndiyo maana sikuliandika. Alibatizwa kwa jina lingine. Hayo yameshapita.

Jumamosi iliyopita tulikutana. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama madirishani. Watu wetu wanapenda kuitwa nshomile, yaani wasomi, na siku hiyo kila mmoja alikuja na kalamu mfukoni. Padri alianza sala ya kufungua, na wewe unamjua akianza. Nilikuwa natazama saa ya ukutani. Ilipokaribia nikakohoa. Hakusikia. Nikakohoa tena kama mtu anayekufa, ndipo akasema amina. Nikabonyeza saa tatu kamili asubuhi. Ya ukutani ilisema hivyo, yangu ya mkononi ilisema hivyo, na ya Padri ilisema hivyo.

Majina yakaanza kushuka. Namba moja imekwenda kwa Yusuph fundi viatu, ambaye hata kuja hakuja. Jina langu lilitoka la mwisho kabisa. Korongoni. Mtu mmoja nyuma akacheka, halafu wakacheka wote, na Padri pia nilimwona akishika mdomo.

Matofali yangu yako kwenye kiwanja cha Yusuph. Amenitumia salamu kwamba nisiwe na haraka ya kuyaondoa.

Calvin alianza kusema anataka kuichungulia ile programu ajifunze. Nikaiwahi ile CD. Nimeitumbukiza chooni, kwa usalama wetu sote, wewe na mimi. Sasa niambie, uliposema saa tatu, ulikuwa unasema saa tatu ipi?

Gelasius


Brampton,
28 Oktoba 2007

Baba mdogo, shikamoo.

Nakutakia heri wewe na nyumba yako. Tahera ni jina zuri, na usilione haya.

Unauliza saa tatu ipi. Ya kompyuta. Kompyuta haihesabu saa kuanzia jua kuchomoza kama sisi. Yenyewe ikisoma tatu, huko kwetu watu wanasema saa tisa. Ulipobonyeza wewe na saa zako zote, ile ilikuwa inasoma tisa. Nilidhani mtu aliyesomeshwa na wamisionari hahitaji kuelezwa hilo. Ungesubiri mpaka alasiri, Padri angemaliza sala zake bila kukoholewa.

Umeitumbukiza chooni. Niliposoma pale nilicheka peke yangu jikoni mpaka Nyanchama akatoka chumbani kuniuliza, "Kwani kuna nini?" Wewe ushahidi huwa huuachi, Baba mdogo. Unaumeza au unautupa.

Nikukumbushe kile kikao cha kibanja, kwa kuwa wewe ndiye uliyekianza kwenye barua. Babu alikuwa na mtindo wake: buni mbili kavu kapuni, moja ina punje mbili ndani, nyingine ina punje moja. Ya punje mbili ni kibanja cha juu, ya punje moja ni cha korongoni. Kapu limefunikwa jani, anayeokota haoni. Baba yangu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo aliyeokota kwa niaba yake ni Mama, na wewe ndiye uliyeshika kapu. Ukasema, "Mjane atangulie," na watu wakakusifu kwa heshima yako. Mama akaipasua yake: punje moja. Wewe yako hukuipasua. Uliitia mdomoni ukaitafuna, ukasema basi yangu ni ya mbili, wazee wakacheka, kikao kikaisha.

Asubuhi ya siku ile nilikuwa nyumbani, shule imefungwa. Nilikuona barazani na ungo wa buni, unazipapasa moja moja, na unazotia mfukoni zilikuwa za duara. Buni ya duara ina punje moja, kila mtoto wa Kamachumu anajua; kapuni hamkuwa na nyingine. Nilimwambia Mama. Akanifinya mdomo kwa vidole vyake, akaniambia huyo ni baba yako mdogo.

Mwaka wa zile mvua kubwa korongo lilichukua jiko, likachukua migomba, likaja mpaka kizingitini. Mama akahamia chumba cha kupanga Kashai, Bukoba mjini, na amefia pale, kwenye kitanda cha mwenye nyumba. Wewe unaniandikia kwamba hakulalamika. Nimekuchukia tangu shule ya msingi. Nimekuchukia kwa Kihaya, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nilikuwa nataka siku moja ukae korongoni usikie maji yanavyosogea, na sasa umekaa.

Ukiona umeonewa, iite kamati. Waeleze uliniomba nini, na mimi nilikuahidi nini.

Anastasia


Kamachumu,
13 Januari 2008

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Mama yako mdogo amefanyiwa kitu kwenye goti huko hospitali ya Bugando na anatembea. Sara amerudi kwa mume wake. Nyumba iko kimya.

Mambo ya buni siyajibu. Ulikuwa mtoto, na mtoto huona anachokiona. Babu yako alikuwa amekwisha kuniambia kwa mdomo wake kibanja cha juu ni cha nani, ila hakuna aliyesikia zaidi yangu. Sisemi zaidi.

Nimemwuliza mwalimu wa kompyuta wa sekondari, kwa mfano tu, bila kutaja majina. Nilimwambia habari ya saa tatu ya Kiswahili na saa tatu ya Kizungu. Alinitazama akasema, "Mzee, kama mwandishi aliamua huyo mtu aangukie korongoni, angeangukia saa yoyote ile. Na kama hakuamua, basi saa si kitu, ni bahati yake mtu." Tangu hapo sina raha.

Nimeanza kujenga. Yusuph aliniazima mkokoteni wa kuhamishia matofali, na watu walikaa kando ya lami kutazama. Mvua ya kwanza imeingia kwenye msingi.

Ninachokuomba ni neno moja. Ni mkono wako, au ni wa Mungu? Kama ni wewe, nitakusema kwa kila mtu na nitakulaani kama baba anavyolaani, hata nikiaibika mimi pia. Kama ni Mungu, nitamwita Padri, nitapiga magoti, nitasema yote tangu mwanzo. Nina nguvu za kufanya moja. Lakini siwezi kuamka kila asubuhi nisijue nimnunie nani.

Gelasius


Brampton,
11 Machi 2008

Baba mdogo, shikamoo.

Nashukuru mama mdogo anatembea. Huku theluji imegoma kuondoka, tumeichota mlangoni mpaka migongo inalia.

Mwalimu wako ana akili. Saa haikuwa na kazi yoyote. Niliitia ili uje ukumbini ukijua kwamba unaiba, na ili ukohoe. Niombee radhi kwa Padri.

Sasa nikujibu. Niliandika CD mbili. Kwenye ya kwanza jina lako limewekwa korongoni kabla ya kitu chochote, na wengine wote wamechanganywa kwa haki. Kwenye ya pili hakuna aliyewekwa popote. Mmechanganywa nyote, na mbegu yake inatokana na jinsi kidole kinavyogusa kitufe, vipande vidogo vya wakati ambavyo hakuna binadamu anayeweza kuvilenga. Hiyo ingeweza kukupa namba moja. Ingeweza kukupa korongo pia, kama ambavyo ingeweza kumpa mtu yeyote.

Ya kwanza niliiandika kwa furaha, kwa kikao kimoja. Nilikuwa tayari kuituma. Kilichonizuia si huruma. Ni kwamba unanijua. Tangu nikiwa mdogo unajua nitafanya nini: nitapiga goti, nitanyamaza, nitasema ndiyo. Nilijua utaniandikia, utataja goti la mama mdogo, utataja mtoto, utaniita mwanangu, na siku moja nitalainika nikwambie ukweli, na wewe utapata pa kuuweka. Ungelaani au ungetubu, ukapumua. Mama hakupata pa kupumulia.

Kwa hiyo nikatia moja kwenye kasha jekundu na nyingine kwenye kasha la bluu. Nikamwambia Nyanchama, chukua hii robo dola, upande mmoja una malkia, upande mwingine una mnyama wa pembe. Rusha. Ikilala malkia juu, toa CD ya jekundu, izungushie gazeti, itie kwenye bahasha. Ikilala mnyama, ya bluu. Inayobaki ivunje, na makasha yote mawili tupa, na usiniambie kamwe. Akaniuliza, "Hii ni maneno ya uganga ama?" Nikamwambia ni kazi tu. Nikatoka nje kumwaga takataka. Niliporudi bahasha ilikuwa imefungwa na yeye anapika ugali.

Mimi najua ni CD ipi iliyokuwa kwenye jekundu. Yeye anajua ametuma ya kasha gani. Hatujaulizana mpaka leo. Kwa hiyo ukinibembeleza, sina cha kukupa. Ukinitisha, sina. Ukinilaani, labda umemlaani mtu ambaye hakukugusa. Ukimpigia Mungu magoti kwa sababu ya kiwanja, labda unamsingizia kazi yangu mimi.

Utafikiri nami nateseka kwa kutojua. Kuna siku napenda kuamini ni mimi, na kuna siku napenda kuamini ni Mama. Zote mbili nazipenda. Wewe jenga nyumba yako.

Anastasia


Kamachumu,
7 Desemba 2008

Mwanangu Anastasia,

Ni muda mrefu. Nilikuwa na barua nyingi kichwani, sikuzituma. Hatujambo. Nyumba imefika kwenye linta. Upande wa nyuma korongo limesogea, si sana, nimepanda matete kulizuia. Watu wameacha kucheka, wamezoea.

Kwa Padri sijakwenda. Nimefika mpaka mlangoni mara kadhaa. Nikifika naona labda si Mungu, labda ni wewe, na nitakuwa nimejivua nguo bure. Nikirudi nyumbani kuja kukulaani, naona labda si wewe.

Mwaka huu senene zimeanguka kama zamani. Mama yako mdogo amekaanga, tumezifunga vizuri kwenye mfuko usiopitisha hewa. Anazileta mtoto wa katibu wa kamati yetu anayekuja kusoma huko. Si zako. Ni za yule binti Nyanchama. Mwambie mzee mmoja wa Kamachumu anamsalimia kwa heshima zote, na anamwomba kitu kidogo ambacho hakina gharama. Aseme tu ilikuwa malkia au mnyama. Halafu wewe nimalizie.

Nimezeeka, Anastasia. Naomba.

Baba yako mdogo,
Gelasius


Brampton,
3 Machi 2009

Baba mdogo, shikamoo.

Senene zimefika salama. Nyanchama alizitazama kwa mashaka, maana kwao panzi hawaliwi, akala moja kwa adabu, kisha akaketi na mfuko mapajani mbele ya televisheni akazimaliza. Anasema asante sana, mzee, na Mungu akuongezee.

Nikampa ujumbe wako kama ulivyouandika. Sikutegemea kitu. Nilidhani atakuwa ameshasahau. Akajibu pale pale, mdomo umejaa, bila hata kunigeukia.

Kwa hiyo sasa najua. Niliogopa sana siku hii, kwa sababu niliamini nikijua tu nitashindwa kukunyima. Nimelijaribu neno lenyewe tangu Jumapili, njia nzima mpaka Don Mills na kurudi. Nimelitia mdomoni, nimesoma tena barua yako mpaka pale unaposema naomba.

Naona naweza kukunyima.

Msalimie mama mdogo. Mbusu Tahera.

Anastasia